Mlango wa Salamu za Ijumaa

Kiuyu, 22 Juni 2024

Kaka yangu Haitham,

Assalaam alaykum. Idi imepita salama, na sote wazima. Nakuandikia barua pepe badala ya kukutumia sauti kwa sababu kila ujumbe wako wa sauti Mama anaupeleka barazani, mpaka majirani wanajua umekula nini. Na jambo lenyewe linamhusu Baba. Kwa vile hasikii tena, tumezoea kumzungumzia mbele yake kama hayupo, na mimi naona haya.

Ni juu ya mlango.

Unajua anavyofanya. Akitoka sala ya Ijumaa hapiti kwa mtu. Anakuja moja kwa moja, anaweka kiti uani mbele ya banda la gari, na kofia haivui. Ukibonyeza simu yako huko Maskati, mlango ukaanza kupanda, anainua mkono kama dereva anayempisha mwenzake njiani. "Haitham huyo," anasema. Ukiuteremsha anasema, "Haya, kenda zake kula." Kaendesha malori ya karafuu ya watu mpaka Mkoani umri wake wote, masikio yakaishia kwenye injini, na leo mwanawe anamwamkia kwa mlango wa banda lisilo na gari. Watu wanamtania. Silima, yule jirani aliyekodi mikarafuu ya bondeni, alimwandikia kwenye kile kibao cha chaki tunachomwandikia: "Mzee Ame, gari lako mbona halionekani, au ndo ya kisasa?" Baba akamjibu, "Gari li njiani. Mlango umetangulia kulipokea."

Ijumaa ya jana umeme ulikatika asubuhi. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Nikamwandikia: umeme hakuna. Akasoma, akaniuliza, "Hakuna kwetu au hakuna kwa Haitham?" Hivi ile betri uliyoifunga si ya kazi hiyo?

Na Mama kanituma nikwambie kwamba kuna kitu kimehamia bandani. Umeme ukienda kinalia, "ti", kinanyamaza, "ti", kinanyamaza. Amekifukizia ubani na bado hakijahama.

Mdogo wako,
Asma

*

Maskati, 3 Julai 2024

Asma,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mwambie Mama shetani huyo ni betri. Inalia kuwajulisha kwamba umeme umeondoka na kazi imeipokea yenyewe. Aache ubani, moshi ukiingia kwenye mashine nitaletewa lawama mimi.

Sasa sikiliza, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu. Betri ile inaupandisha na kuuteremsha mlango hata Pemba nzima iwe gizani, mara kadhaa, polepole kidogo kuliko kawaida. Lakini mimi siufikii mlango kwa mkono, naufikia kwa intaneti, na ruta yenu haina betri. Umeme ukikatika, ruta inakufa. Mota iko macho, anayekosekana ni wa kuibonyeza. Huku nafunga milango hii kwa watu ambao umeme unawakatikia mara moja kwa mwaka, na bado wananipigia simu kulalamika. Nikiwaambia kwetu ni kila wiki wanadhani natia chumvi. Nitatuma betri ndogo ya ruta, akipatikana mtu wa kuileta.

Zile rimoti mbili zikae kwenye droo, ni za gari litakapofika. Na karafuu zisiingie bandani, za Silima wala za mtu yeyote. Harufu yake haitoki kwenye viti vya gari.

Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akinipakia mbele kwenye lori, ananiambia nishike dashibodi, tajiri asije akasema tumelikwaruza. Sijasahau. Gari litafika, inshaallah, kabla ya Idi nyingine. Mwambie.

Kaka yako,
Haitham

*

Kiuyu, 16 Novemba 2024

Kaka Haitham,

Assalaam alaykum. Namba yako haipatikani tangu mwisho wa Agosti. Barua nilizokutumia Septemba na Oktoba hukuzijibu. Mama anaota, na kila ndoto anataka niitafutie maana, kama vile chuo kikuu kilinifundisha hayo.

Betri ya ruta haikufika. Kuhusu Ijumaa sikuulizi kitu. Kama unayo sababu, mwenyewe ndiye unayeijua.

Msimu wa karafuu umekuwa mzuri na mvua inausumbua. Silima ameomba atandaze zake bandani kwetu, sakafu ile ya saruji anaitazama kwa matamanio. Nimemwambia lazima uulizwe wewe. Sasa nakuuliza, na najua hutajibu.

Nafundisha Historia kidato cha pili. Juzi mwanafunzi aliniuliza tunajuaje habari za watu ambao hawakuandika. Nikamwambia tunaokota vitu walivyoviacha, vyungu, misumari, mawe ya makaburi. Nikiwa bado nasema nikakufikiria wewe, nikakasirika, nikawapa zoezi ili wasinitazame.

Baba hajambo. Nikimuuliza anakuonaje, anasema hujambo pia.

Asma

*

Maskati, 20 Desemba 2024

Asma,

Nimeona kwenye simu kwamba mlango wa banda unafunguliwa. Kila wiki, mchana wa Ijumaa, na mimi sijaugusa tangu Septemba. Ijumaa mchana wanaume wako msikitini na njia ni nyeupe, mtu anaweza kuingiza magunia asionekane. Nimeelewa sasa kwa nini uliniuliza habari za Silima. Uliniuliza jambo ambalo mmeshalikubali.

Nilikataza karafuu kwa sababu. Lile si ghala. Nimezifunga rimoti zote mbili kutoka huku, na zitafunguka nitakapozifungua mimi.

Nimebadilisha kazi, ndiyo maana namba ile sinayo tena. Msalimie Baba na Mama.

Haitham

*

Kiuyu, 18 Januari 2025

Kaka Haitham,

Barua yako ya Desemba nimeisoma jana. Nilikuwa nimeacha kufungua barua pepe kwa hasira, nikaapa sitazitazama mpaka wewe upige simu. Ningeisoma siku uliyoituma, haya ninayokuandikia yasingetokea. Hilo ni langu, nalibeba.

Bandani hakuna karafuu. Hakuna gunia, hakuna hata jamvi. Silima anatandaza zake uwanjani kwake na mvua ikija anakimbizana nazo. Aliyekuwa akiufungua mlango ni mimi.

Ilianza kwa siku za kukatika umeme. Ulinieleza mwenyewe kwamba mota iko macho, anayekosekana ni wa kubonyeza. Basi Ijumaa moja umeme ulipoondoka nikatoa rimoti kwenye droo, nikasimama jikoni nyuma ya pazia, nikabonyeza. Mlango ukapanda kwa nguvu ya betri, taratibu. Baba akainua mkono. "Haitham leo kachoka," akasema. Nilicheka peke yangu. Nikajiambia ni siku za giza tu. Kisha ikafika Septemba, ukaacha hata siku ambazo umeme ulikuwepo, na mimi sikuweza kumwacha pale na kofia yake. Kila Ijumaa nikawa nyuma ya pazia. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka uone haya mwenyewe bila ya kuambiwa. Niliona hiyo ndiyo adhabu inayokufaa. Nilikuwa mjinga.

Ijumaa ya mwisho ya Desemba umeme haukuwepo. Nikabonyeza, mlango haukwenda. Taa ya mashine ilimulika, basi. Nikadhani betri imekufa. Kesho yake nikaichomoa, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo Wete kwa fundi Jaribu. Akaipima, akanirudishia mkononi. "Dada, hii nzima kuliko mie. Katafute mgonjwa mwengine." Nikairudisha mahali pake. Ijumaa iliyofuata umeme ulikuwepo, na mlango ukakaa vilevile. Baba alingoja mpaka jua likamhamia usoni. Kisha akaingia ndani, akavua kofia, akamwambia Mama, "Haitham keshakufa."

Mama aliangusha sinia. "Nani kakwambia?" Hakumsikia, lakini aliuona mdomo wake. "Hakuna aliyenambia," akasema. "Ndo najua."

Unakumbuka tulivyomfanyia kwa habari ya Ami Khatib. Baba amelazwa, ndugu yake kafariki Unguja, na sisi tukamficha, kwa kuwa mgonjwa hapewi habari ya msiba. Simu yake haipatikani, tulisema. Ana shughuli. Anakusalimu. Mimi ndiye niliyeziandika salamu zile kwenye kibao, kwa mkono wangu, na mtu mwenyewe yuko kaburini. Baba alikuja kujua hitima ya arubaini imeshasomwa. Hakutugombeza, ila tangu siku ile neno la kumfariji haliamini. Sasa anaziona dalili zilezile. Simu haipatikani, ana shughuli, anakusalimu. "Hata mwandiko ni ule ule," ananiambia.

Nikaona bora niseme kweli. Nikamwandikia kwamba mlango nilikuwa naufungua mimi. Nilijaza kibao pande mbili. Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, nami nimesimama nangoja hasira yake. Akauliza, "Tangu lini?" Nikaandika: Septemba. Akatikisa kichwa. "Basi alikufa Septemba. Na weye mwanangu umekaa na msiba huu peke yako muda wote huo." Akaniwekea mkono kichwani. Kaka, alinipa pole.

Jana Ijumaa alisimama msikitini baada ya sala akaomba mwanawe asomewe hitima. Maalim Abdulnasir, imamu wetu, akaja nyumbani, nikamweleza yote, akachukua kibao akaandika: "Mzee Ame, mwanao yu hai. Hitima haisomwi kwa dhana." Baba akamtazama kama mtu aliyepotewa na rafiki. "Maalim," akasema, "hata weye wamekuingiza?" Mpaka jioni wanawake walikuwa wanaingia na sukari na mchele, na Mama anasimama mlangoni kuwarudisha. Bi Moza wa jirani alimwambia, "Mwanawema, pokea tu. Kama si msiba tutakula."

Nimejaribu kukupigia kila njia. Zifungue rimoti. Jitokeze. Fanya kitu.

Asma

*

Maskati, 19 Januari 2025

Asma mdogo wangu,

Nimezifungua. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kazi sikuibadilisha. Niliikimbia. Tajiri wangu alikuwa ananikodisha kwa watu wengine usiku na mchana na pasipoti yangu kaiweka kabatini kwake. Mwisho wa Agosti nilitoka na nguo za mwilini. Kibali kimekwisha. Nafanya vibarua kwa watu wasiouliza, na nalala chumba ambacho kila mtu ndani yake ana hadithi kama yangu. Nikienda uwanja wa ndege nitashikwa, na nikitoka nchi hii sitaingia tena.

Ndiyo sababu niliacha Ijumaa. Nilijua Baba anainua mkono. Anamwinulia mtu mwenye kazi, mwenye gari lililo njiani. Mara ya mwisho nilibonyeza nikaona namdanganya, nikasema bora niache kidogo mpaka mambo yakae sawa. Kisha nikaona mlango unafunguka bila ya mimi, na badala ya kujiuliza nani anampenda Baba kiasi hicho, nikafikiria magunia. Sijui mtu anafikaje hapo.

Nimekutumia video, kwa kuwa simu za kuonana huku zimefungwa. Nimeandika tarehe ya leo kwenye karatasi nikaishika kifuani aione. Na kuanzia kesho nitaufungua mlango kila siku baada ya adhuhuri, siyo Ijumaa tu. Ataniona.

Kaka yako,
Haitham

*

Kiuyu, 8 Februari 2025

Kaka Haitham,

Acha kuufungua mlango.

Video aliitazama mpaka mwisho, akaomba airudie. Akakugusa uso kwenye kioo. "Alikuwa kashakonda," akasema. Nikamwonesha tarehe. "Tarehe huandikwa," akasema, "na mwandishi tunaye nyumbani."

Mlango ulipopanda siku ya kwanza nilitoka mbio nikasimama mbele yake, mikono juu, vidole nimevitandaza, aone kwamba sina kitu. Alinitazama kwa huruma nisiyoweza kuieleza. "Asma, acha. Rimoti umempa mamako." Nikamwita Mama, akaja akasimama naye, viganja wazi, na unga wa chapati umemjaa mpaka viwikoni. Baba akatutazama sisi wawili tumesimama uani kama wezi waliokamatwa. "Basi anayo Silima," akasema. Siku ya tatu umeme ulikatika, mlango haukufunguka, na alionekana amepumzika. Sasa kiti amekigeuza, anaupa mlango mgongo.

Kinachonitisha ni kwamba hana huzuni. Nilidhani atadhoofika kwa majonzi. Amedhoofika kweli, chakula hali sana, hatembei mpaka msikitini tena, lakini moyo wake umetulia. Anaongea habari zako kwa sauti nzuri. Anakuombea kila baada ya sala, kwa maneno ya kumwombea marehemu, na mimi naketi nyuma yake nasikia jina lako katika maneno hayo, nashindwa kuitikia amina na nashindwa kunyamaza.

Mimi niliyesoma, ninayefundisha watoto namna ya kupima ushahidi, nimempa baba yangu uongo mwingi mtamu kiasi kwamba ukweli ukifika mikononi mwangu unafanana nao. Ningekuwa mtoto wa kusema vibaya, ningekuwa mkali, angeniamini.

Hakuna kilichobaki ila mwili wako. Akushike. Usingoje gari, usingoje nguo nzuri. Njoo hivyo ulivyo.

Asma

*

Maskati, 20 Februari 2025

Asma,

Nimeuliza kwa watu. Anayejisalimisha anawekwa ndani kwanza mpaka karatasi zake zikamilike, kisha anapandishwa ndege. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa zaidi.

Niruhusu mpaka Idi. Nimeahidiwa kazi ya kufunga milango kwenye majumba mapya, nikiimaliza nitakuja na kitu mkononi. Sitaki Baba anione narudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe. Wewe unasema nije hivyo nilivyo, lakini hujui nilivyo. Amekaa muda huu wote, atangoja mwezi mmoja. Mpikie uji wa pilipili manga anaoupenda. Mlango nimeuacha.

Mwandikie kwenye kibao: Idi pili, inshaallah.

Haitham

*

Kiuyu, 12 Aprili 2025

Kaka Haitham,

Nilikutumia maneno machache siku ile, na najua uliyasoma. Nitakueleza nilivyojua.

Baba alifariki asubuhi ya Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, jua limeshatoka. Alikuwa hali chakula cha maana tangu mwezi uanze, na kufunga tulimkataza, akatukatalia. Ile "Idi pili" yako nilimwandikia. Alisoma, akaifuta mwenyewe kwa kiganja, akasema, "Msijitaabishe."

Siku mbili kabla alinifanyia ishara nikae karibu. Akaniuliza, "Alikufa kwa maradhi au kwa ajali?" Nilikuwa nimeshika chaki. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeandika yu hai, yu hai, mpaka kibao kimebaki na kivuli cha maneno hayo. Nikamwangalia, nimechoka, naye kachoka, na anataka jambo dogo tu, kujua kama mwanawe aliteseka. Sikuandika kitu. Nilikaa na chaki mkononi. Akangoja, kisha akanipigapiga goti. "Haya, basi," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe." Akatabasamu, kaka. "Wazee wenzangu wanasikitika kuwaacha watoto. Mie nakwenda kwa mwanangu."

Ningeweza kuandika tena yu hai. Ningeweza kuandika mara moja zaidi. Nalifikiria hilo kila nikiamka, na kila nikiamka sijui kama nilimtendea wema au nilikuzika wewe.

Tulimzika baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume walikaa matanga bandani, Silima alitandika majamvi na mlango tukauacha juu. Mchana ule ukaanza kuteremka wenyewe juu ya vichwa vyao, polepole. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi kwa dakika chache tu. Nadhani ulibonyeza katika kale kadakika ruta ilipokuwa imeamka. Ulifika nusu, ukapanda tena. Hapo nikajua umesoma. Lakini waliokaa pale hawakujua. Wazee walisoma haraka dua wanazozijua. Mmoja akasema, "Huyo Haitham kaja kumzika babake," na hakuwa anatania.

Kiuyu nzima sasa inakuhesabu katika maiti. Watu wanampa Mama mkono wa pole, kisha wanampa tena, wa pili. Mwanzo alikuwa akiwakatalia. "Mwanangu yuko Maskati, mzima, aliyefariki ni mmoja tu." Yumo ndani ya eda, hatoki, anapokea wanaokuja, na wanaokuja wote wana uso ule ule. Wiki hii nimemsikia anapokea pole zote mbili bila ya kusema kitu.

Jana nilikuwa namsuka nywele. Akaniambia, bila ya kugeuka, "Asma."

"Labeka, Mama."

"Yule kijana wetu. Yu hai kweli?"

Nikamwambia yu hai. Nikachukua simu nikamsomea barua zako, hata ya kukimbia kazi, ambayo niliahidi moyoni kutomsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akanitazama, na ilikuwa ni ile huruma ya Baba, Haitham, ile ile. "Unasoma vizuri," akasema. "Umechoka mwanangu. Kalale."

Asma

*

Maskati, 14 Aprili 2025

Asma,

Ilikuwa ni mimi, kwenye mlango. Sikuwa na namna nyengine ya kuhudhuria.

Wewe hukunizika. Nilijizika mwenyewe Februari, nilipokuandikia kwamba atangoja. Kazi ya majumba mapya nilianza, nikaiacha siku uliyoniletea habari, na nimetembea mji huu tangu hapo nikiyasema maneno ya barua ile, "atangoja mwezi mmoja", kama mtu anayetafuta nani aliyatamka.

Kesho asubuhi nakwenda kujisalimisha. Simu wanaichukua mlangoni, kwa hiyo hii ndiyo barua ya mwisho mpaka nitakapofika. Sijui itakuwa muda gani. Kwa siku hizo namba yangu haitapatikana, barua sitajibu, na mtu yeyote atakayekuuliza itabidi umwambie kwamba nipo, ila nimeshughulika. Najua maneno hayo Mama anayasikiaje. Na nikimpigia leo, kesho namba ikizimika atasema ameniota.

Kwa hiyo usimwambie hivyo. Usimpunguzie kitu na usimtilie sukari. Mwambie nimefungwa. Mwambie wamenifungia pamoja na walevi na wezi, kwamba nitarudishwa bila ya kazi, bila ya sanduku, bila ya hilo gari, na kwamba ndege itakaponishusha nitakuwa na ndevu za mahabusu. Yataje hayo mbele ya Bi Moza na wanawake wote wanaokuja, wayachukue wakayatembeze Kiuyu.

Ataona haya, na atalia. Lakini nadhani hilo ataliamini, kwa sababu hakuna binti anayemtungia mamake aibu ili kumfariji.

Kaka yako,
Haitham